Mchoro Unapokataa: Dalili na Vyanzo Vyake kwa Anayejifunza Kuchora

Anayejifunza kuchora akiona kichwa alichokichora kimeenda upande, neno la kwanza kumtoka ni kwamba mkono wake ni mzito. Mara nyingi mkono husingiziwa. Mkono huohuo humwandikia jina lake kwa herufi ndogo zinazosomeka, humfungia vifungo vya shati na kumtilia uzi kwenye tundu la sindano, na kila moja ya kazi hizo inadai ustadi kuliko mstari wa shavu. Chanzo huwa mahali pengine: jicho halikupima, au akili haikijui vizuri kitu kinachochorwa, au vifaa haviwezi kazi viliyopewa, au mchoraji ameketi vibaya mbele ya karatasi yake. Asiyejua chanzo ni kipi hujitwisha mazoezi yasiyogusa ugonjwa wenyewe, mithili ya mtu anayekunywa dawa ya kikohozi ilhali anaumwa na jino.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta tiba ya dalili yoyote iliyotajwa hapa chini, ni vizuri kwanza kujua kosa linatokea wapi.

Jaribio la kiatu

Chukua picha ya kiatu chenye kamba. Kwanza, weka karatasi nyembamba juu ya picha hiyo na ufuatishe mistari yake. Pili, iweke picha pembeni na ukichore kiatu kwa kukitazama tu. Tatu, ifiche picha kabisa, kisha ukichore kiatu hichohicho kwa kumbukumbu, safari hii kikiwa kimegeukia upande wa pili. Halafu weka michoro yote mitatu mezani, mmoja kando ya mwingine.

Ikiwa hata mchoro wa kwanza una mistari inayotetemeka na kukatikakatika, mkono wako unahitaji mazoezi. Ikiwa wa kwanza ni safi lakini wa pili umenenepa au umerefuka, mkono ni mzima na jicho ndilo halikupima. Na ikiwa wa pili unaridhisha lakini wa tatu unafanana na mtumbwi, basi unajua kunakili kiatu bila kujua kiatu kimeundwaje. Nilipojifanyia jaribio hili kwa mara ya kwanza, mchoro wangu wa tatu ulikuwa na matundu ya kamba upande mmoja tu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba kwa miaka mingi, na bado sikuwahi kuviangalia.

Mistari yenye manyoya

Hii ndiyo dalili inayomtambulisha anayeanza hata kabla hujaona alichochora. Badala ya mstari mmoja wa bega kuna vijistari thelathini vifupi vilivyopandana, na bega linaonekana kama limeota nywele. Hofu ina sehemu yake katika jambo hili, lakini chanzo cha karibu zaidi ni cha kimwili: kiganja kimegandamizwa kwenye karatasi na vidole peke yake ndivyo vinavyosogea. Vidole vikifanya kazi peke yao haviwezi kuvuta mstari mrefu kwa pumzi moja, hivyo mchoraji hulazimika kuuunga kipande kwa kipande.

Mistari mifupi iachie vidole na kifundo cha mkono, na mistari mirefu ivutwe kwa kiwiko na bega. Shika penseli mbali kidogo na ncha yake. Weka nukta mbili zilizo mbali, pitisha penseli hewani mara mbili au tatu juu ya njia utakayoifuata bila kugusa karatasi, kisha vuta mara moja huku macho yako yakiwa kwenye nukta ya mwisho, wala si kwenye ncha ya penseli. Mstari ukikosea, usiufute; vuta mwingine kando yake. Dakika kumi za mazoezi haya kila siku kabla ya kuchora kitu chochote hubadili mkono ndani ya wiki chache. Usione haya kuizungusha karatasi, kwa sababu kila mkono una upande unaopendelea kuvutia mstari.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba mistari mingi myepesi ya kutafuta umbo si kosa. Kosa ni pale mistari yote inapokuwa na uzito mmoja, kiasi kwamba mtazamaji hawezi kujua ni upi uliochaguliwa.

Macho yamepanda kwenye paji la uso

Tuseme umechora uso wa ndugu yako, pua ni yake, midomo ni yake, lakini kichwa kinaonekana kama kimekatwa juu. Chukua rula, pima kutoka kidevuni hadi utosini, kisha utafute katikati. Karibu hakika utakuta macho uliyoyachora yako juu ya alama hiyo. Kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho hukaa takriban katikati ya urefu wa kichwa. Hakuna anayeamini jambo hili mpaka asimame mbele ya kioo na kujipima kwa penseli. Akili hutilia maanani macho, pua na mdomo kwa sababu huko ndiko tunakosoma hisia za watu, na paji la uso na utosi hupewa nafasi iliyobaki. Siku moja nilipima nyuso saba katika daftari langu la zamani, na zote saba zilikuwa na macho karibu na theluthi ya juu.

Vipimo vingine vya kukumbuka ni vichache. Nafasi kati ya macho mawili hukaribia upana wa jicho moja, na upana wa kichwa usawa wa macho hukaribia macho matano. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Mwili wa mtu mzima aliyesimama huwa na urefu wa vichwa saba na nusu hivi, ilhali wa mtoto wa mwaka mmoja hukaribia vichwa vinne tu. Ndiyo maana mtoto aliyechorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kama mzee mfupi. Hivi ni vipimo vya wastani. Vitumie kushuku mchoro wako, usivitumie kumsahihisha mtu aliyeketi mbele yako, maana upekee wa sura yake umo katika pale anapoachana na wastani.

Kuna kosa moja la uso ambalo si lako. Ukichora kutoka picha iliyopigwa kwa simu kwa karibu sana, pua itakuwa kubwa na masikio yatakuwa yamerudi nyuma, kwa kuwa kilicho karibu na kamera hukuzwa kuliko kilicho mbali nayo. Mpiga picha arudi nyuma hatua mbili tatu, na tatizo litaisha.

Mchoro ulikuwa sawa mezani, ukutani umerefuka

Nalitaja tatizo hili kwa kirefu kwa sababu lilinipotezea nusu mwaka, na hakuna aliyenieleza. Nilikuwa nikichora watu, nikiridhika nao, kisha nikiwabandika ukutani nakuta wote wana vichwa vikubwa na vifua virefu. Nilirudia vipimo vya mwili usiku na mchana. Vipimo havikuwa na kosa; meza ndiyo iliyokuwa na kosa.

Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu yake ya juu iko mbali na macho kuliko ya chini, na macho huiona kwa mshazari. Kwa hiyo karatasi yote huonekana fupi kuliko ilivyo, na sehemu ya juu hufupishwa zaidi. Mkono, ukilitii jicho, hurefusha na kukuza kile kinachoonekana kimebanwa, na mchoro unakuwa sahihi kwa mtu mmoja tu: yule aliyeketi kwenye kiti kile. Dawa yake ni kuinua ubao wa kuchorea, hata kwa kuuegemeza kwenye ukingo wa meza huku sehemu ya chini ikikaa mapajani, mpaka macho yaitazame karatasi kwa kuikabili. Kila baada ya dakika kumi simama, uweke mchoro wima, na urudi nyuma hatua tatu.

Uso unaoelekea upande mmoja ni jamaa wa tatizo hilohilo. Mchoraji aliyeketi kiupande mbele ya karatasi, au anayeutazama mchoro kwa muda mrefu bila kupumzika, huzoea mshazari kiasi cha kutouona tena. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji katika maandishi yake wawe na kioo bapa na waitazame kazi yao humo, kwa sababu ikigeuzwa huonekana kama imefanywa na mkono wa mtu mwingine, na makosa ya mwingine ni rahisi kuyaona. Anayechora kwenye tableti ana kitufe cha kugeuza picha, na asipokitumia mara kwa mara anajinyima kifaa cha bure.

Miguu imekosa nafasi kwenye karatasi

Aliyeanza na kope za jicho la kushoto huishia magotini, kwa kuwa karatasi imekwisha. Chanzo ni mpangilio wa kazi: sehemu ndogo imemalizwa kabla ya kitu kizima kuwekewa mipaka. Kabla ya yote, weka alama ya mahali kitu kitakapoanzia juu na kitakapoishia chini, kisha utafute nusu yake, na ujiulize ni nini kinachoangukia pale kwenye nusu. Kwa mtu mzima aliyesimama, ni usawa wa kinena; wengi hudhani ni kiunoni.

Upimaji kwa penseli unajulikana, lakini aghalabu hufanywa vibaya. Mkono sharti unyooke mpaka kiwiko kikaze, jicho moja lifumbwe, na penseli isielekee mbele wala nyuma, kana kwamba inagusa kioo cha dirisha kilicho mbele yako. Mkono ukilegea kwa vidole vinne tu, kipimo cha pili hakitalingana na cha kwanza. Tena, usihamishe urefu wa penseli moja kwa moja kwenye karatasi, linganisha. Kwa jagi, pima upana wake kwa kidole gumba kwenye penseli, kisha uone unaingia mara ngapi katika kimo chake. Ukiingia mara moja na nusu, basi jagi la kwenye karatasi, liwe dogo au kubwa, nalo liwe hivyo.

Baada ya hapo tazama matundu. Nafasi iliyo kati ya mpini na tumbo la jagi ina umbo lake, na umbo hilo halina jina, kwa hiyo akili haina cha kukudanganya juu yake. Ukilichora tundu kwa usahihi, mpini umejichora wenyewe. Vivyo hivyo kwa pembetatu inayobaki kati ya mkono na kiuno cha mtu aliyejishika kiuno.

Anayeona upimaji kama udanganyifu akumbuke kwamba Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1525 kitabu cha upimaji chenye picha za vyombo vya kumsaidia mchoraji, na kwamba Vincent van Gogh, aliyeamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, alinakili kwa bidii kurasa za mazoezi zilizotayarishwa na mchoraji Mfaransa Charles Bargue, na baadaye akatumia fremu yenye nyuzi kutazamia mandhari alizozichora.

Kikombe kina pembe

Mdomo wa kikombe umechorwa kama jicho, una ncha kali kushoto na kulia, na kitako chake kimenyooka kama kimekatwa kwa msumeno. Hapa ujuzi ndio unaolipotosha jicho: tunajua kwamba mdomo ni duara, kwa hiyo tunauchora wazi mno, na tunajua kwamba kikombe kimekaa juu ya meza iliyo sawa, kwa hiyo tunakipa kitako bapa. Vitu hivyo viwili haviwezi kuonekana kwa pamoja.

Shika glasi yenye maji na uinyanyue polepole kutoka usawa wa tumbo hadi usawa wa macho. Utaona mdomo wake ukijifunga kidogo kidogo, kutoka umbo la yai pana, kuwa duaradufu (duara lililobanwa) nyembamba, hadi kuwa mstari mmoja ulionyooka pindi ukifika machoni. Kwa hiyo glasi iliyo chini ya usawa wa macho yako, kitako chake kiko mbali zaidi na usawa huo kuliko mdomo, na mviringo wa kitako lazima uwe wazi zaidi kuliko ule wa mdomo. Chora duaradufu zote mbili nzima, hata ile sehemu ya nyuma isiyoonekana, kisha ufute usichokihitaji. Ncha za pembeni ni za mviringo hata duaradufu ikiwa nyembamba namna gani.

Kanuni hiyohiyo ya usawa wa macho ndiyo inayotawala nyumba, barabara na masanduku. Msanifu majengo Filippo Brunelleschi alionyesha utaratibu wake mjini Florence, Italia, mwanzoni mwa karne ya 15, na mwanazuoni Leon Battista Alberti akauandika mwaka 1435: mistari sambamba ya ardhini inayokwenda mbali na mtazamaji huelekea nukta moja iliyo kwenye mstari wa upeo, na mstari huo uko kwenye kimo cha macho yake. Masanduku mawili ya mchoro wako yakionekana kana kwamba yameelea, angalia kama kila moja limepewa mstari wake wa upeo. Picha moja ina mstari wa upeo mmoja tu.

Kila kitu ni kijivu

Mchoro una vivuli, na kazi imefanywa kwa saa tatu, lakini ukiutazama kutoka mlangoni huoni chochote isipokuwa ukungu. Chunguza vifaa kwanza, maana ndivyo rahisi. Ncha ya penseli haina risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, njia ambayo Nicolas-Jacques Conté alipewa hataza yake huko Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, ncha huwa ngumu na alama yake hafifu, nazo ndizo penseli zenye herufi H. Grafiti ikizidi, ncha huwa laini na nyeusi, nazo zina herufi B. Aliye na HB peke yake, iliyo katikati ya hizo mbili, hawezi kufikia weusi, na akilazimisha kwa nguvu atapata mng'ao na mtaro kwenye karatasi, si weusi. Penseli ya 2B na ya 6B zinatosha kuanzia. Karatasi laini ya kuchapishia nayo hushiba grafiti mapema, kwa kuwa haina mikwaruzo ya kuishika.

Ikiwa vifaa viko sawa, chanzo ni uoga wa giza. Fumba macho nusu ukitazama kitu unachokichora. Mambo madogo madogo yatapotea na yatabaki mafungu mawili, lililo kwenye mwanga na lililo kivulini. Tenganisha mafungu hayo tangu mwanzo, na uyaheshimu hadi mwisho: kwa kitu cha rangi moja kisichong'aa, sehemu angavu kabisa ya kivuli bado ni nyeusi kuliko sehemu hafifu ya upande wa mwanga.

Yai moja na taa moja hufundisha yote haya jioni moja. Weka yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, taa ikae juu kushoto, na uzime taa nyingine. Upande wa kushoto una doa la mwanga. Ukielekea kulia, rangi inafifia taratibu, kisha unafika ukanda mweusi uliopinda kwa kulifuata yai, na hapo wengi husimama wakidhani kivuli huendelea kuiva hadi ukingoni. Hakiendelei. Karibu na ukingo wa kulia yai linang'aa tena kidogo, kwa sababu karatasi ya chini inalirudishia mwanga. Mwanga huo wa kurudishwa ndio unaowadanganya wengi: kwa kuwa umezungukwa na weusi, huonekana mkali kuliko ulivyo, nao huupaka karibu sawa na upande wa taa, na mviringo wote unavunjika. Kivuli kilichoanguka juu ya karatasi nacho kina ukingo mkali pale kinapoanzia chini ya yai, na ukingo huo hulegea kadiri kinavyokwenda mbali.

Kidole si kifaa cha kulainishia. Mafuta ya ngozi huigandisha grafiti na kuacha madoa ambayo raba haiyatoi. Kuhusu karatasi kuchafuka kwa mkono, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, na anayetumia mkono wa kulia aanze kutia vivuli upande wa kushoto.

Ninanakili vizuri, lakini siwezi kubuni

Huyu ndiye aliyefaulu mchoro wa pili wa kiatu na kushindwa wa tatu. Amejifunza kufuata mipaka ya vitu bila kujua ujazo ulio ndani ya mipaka hiyo. Kila unapomaliza kunakili kitu, kichore tena kama maumbo ya kawaida: mkono wa mtu uwe silinda mbili na kiungo, kifua kiwe yai, kiganja kiwe sanduku jembamba. Kisha yageuze maumbo hayo upande mwingine kichwani mwako, uyachore, na ndipo ukitazame kitu halisi kujisahihisha. Mpangilio ni muhimu: kumbuka kwanza, tazama baadaye. Anayetazama kwanza ananakili tena.

Ongeza michoro ya haraka ya watu, ya sekunde 30 hadi dakika mbili, ambamo hutafuti sura bali uzito umeegemea mguu upi na mgongo umepinda kuelekea wapi.

Nimefanya mazoezi na sioni tofauti

Mara nyingine tofauti ipo, ila jicho limekua haraka kuliko mkono, na kazi ambayo mwaka jana ungeifurahia leo unaiona mbovu. Mara nyingine tofauti haipo kweli, kwa kuwa mchoraji huchora kile anachokiweza tayari: uso wa robo tatu, yaani uliogeuka kiasi, unaotazama kushoto, mikono imefichwa mifukoni. Nilificha mikono ya watu wangu kwa muda mrefu sana. Niliacha siku nilipojilazimisha kuchora mkono wangu wa kushoto kila usiku kwa mwezi mzima, na mikono kumi ya kwanza ilikuwa kama mashada ya ndizi.

Vidole vikiuma au kufa ganzi, legeza unavyoishika penseli na upumzike. Ganzi ikiendelea, muone daktari badala ya kuvumilia.

Andika tarehe nyuma ya kila karatasi. Chagua kosa moja la kulifanyia kazi kwa wiki mbili, uyaache mengine yakungoje, na dakika ishirini za kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili. Baada ya miezi mitatu, toa picha ileile ya kiatu, ufanye jaribio upya na uweke michoro sita kwa pamoja. Usitazame ni upi unaopendeza. Pima pengo kati ya wa pili na wa tatu, la zamani na la sasa. Likiwa limepungua, endelea na ulichokuwa ukifanya. Likiwa palepale, punguza kunakili picha kwa nusu, na muda huo uutumie kuchora kwa kumbukumbu.